Barua ya Kwenda Puebla

Zulma Terrazas alipaka rangi ya midomo mara mbili asubuhi ile, na mara mbili akaifuta. Anakwenda kusikia habari za barua tu, alijiambia, barua ya kuombea masomo, na barua haijali mtu amepaka nini mdomoni. Lakini alipofika karibu na Uwanja wa Colón, saa nne ikiwa imeshagonga, alisimama kando ya gari la watu, akajitazama kwenye kioo cha pembeni, akaipaka mara ya tatu. Mwenye gari alikuwa ndani. Alimwinulia kidole gumba, na Zulma akaondoka mbio kwa aibu.

Limbert Orellana alikuwa ameshafika. Alikaa meza ya dirishani ya duka la salteña walilozoea, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikono, bahasha ya kahawia mbele yake. Alipomwona akasimama. Daima alikuwa akisimama Zulma anapoingia, hata pale maktaba, na Zulma hakuwahi kuzoea mtu kusimama kwa ajili yake.

"Umechelewa dakika nne, Mwalimu."

"Kwa mtu wa Cochabamba huko ni kuwahi."

Akacheka. Jamani, kile kicheko! Kwa ajili ya kicheko kile Zulma alikuwa akipanda ngazi za maktaba kila Alhamisi kwa miezi mitano. Limbert alikuwa amesoma shahada ya uzamili ya elimu ya kimataifa kule Puebla, Meksiko, akarudi nyumbani Cochabamba, na sasa alikuwa na chumba kidogo cha ghorofani pale maktaba ambamo aliwashauri wale waliotaka kufuata njia ileile. Zulma, mwalimu wa darasa la tano huko Quillacollo, alikwenda mara ya kwanza akiwa na maswali kumi na mawili kwenye daftari. Miezi miwili iliyopita maswali yalikwisha. Aliendelea kwenda.

Salteña zikaletwa za moto, zile sambusa za kuoka zenye nyama na mchuzi tele ndani. Zulma aliishika yake wima kama inavyopasa, akaing'ata pembeni, akanyonya mchuzi bila kudondosha hata tone. Limbert alimtazama mdomoni, kisha haraka haraka akatazama bahasha.

"Barua yako nimeisoma mara tatu," alisema.

"Na?"

"Imenitoa machozi."

Moyo wa Zulma uliruka. Alijifuta vidole polepole ili asionekane ana furaha kupita kiasi.

"Na hawatakuchukua," Limbert akamalizia.

"Unasemaje?"

Alizitoa zile kurasa mbili, akazigeuza zimtazame Zulma. Juu ya kila jina kulikuwa na namba ndogo ya penseli. "Hesabu mwenyewe. Wa kwanza, Mungu. Wa pili, Bikira wa Urkupiña. Wa tatu, mama yako. Wa nne, bibi yako Fortunata, apumzike kwa amani. Wa tano, mama wa ubatizo. Wa sita, mama wa kipaimara..."

"Hao wamenilea, Limbert!"

"Wa kumi na nane, dereva wa basi la Quillacollo."

"Don Erasmo. Nikichelewa alikuwa ananisubiri kona ya pili, abiria wakimtukana. Ningefikaje shule?"

"Wa kumi na tisa, mimi. Baada ya dereva."

"Dereva nimemjua zamani," alijibu Zulma, na wote wawili wakacheka, ila kicheko cha Zulma kilikatika njiani.

Limbert aliweka penseli mezani. "Kurasa mbili, Zulma. Wamekupa kurasa mbili ujieleze wewe ni nani na unakwenda kutafuta nini. Umewaeleza habari za watu kumi na tisa. Wa ishirini simwoni."

"Wa ishirini ni nani?"

"Wewe."

Msomaji, wewe ambaye umewahi kuandika kitu kwa moyo wako wote, kisha mtu unayempenda akakurudishia na alama za penseli, huna haja ya kuelezwa. Masikio ya Zulma yaliwaka moto. "Mimi nimelelewa hivi," alisema. "Kwetu mtu haingii mahali akaanza kujipigia debe. Anaanza kwa kushukuru. Sasa nikawaambie wageni mimi ni hodari, mimi ni mwerevu, nichukueni mimi? Mdomo wangu hauwezi."

"Wangu pia haukuweza. Mimi ni mtu wa Punata, unadhani sisi tunajisifu? Barua yangu ya kwanza niliwashukuru mpaka marehemu. Wakanikataa."

"Wewe? Walikukataa wewe?"

"Walinikataa vizuri sana. Mwalimu mmoja wa pale aliniandikia mstari mmoja: tumewafahamu wazazi wako, tungependa siku moja kukufahamu na wewe. Nilikaa nao mwaka mzima ule mstari. Hakuna aliyeniambia kabla, ndiyo maana nakuambia."

Zulma hakutaka kulainika, lakini alimwona Limbert wa mwaka ule, kijana wa Punata na barua yake mkononi, na akalainika kidogo. "Basi niandike nini?"

"Swali. Hawatafuti mtu wa kuwapenda, wanatafuta mtu mwenye swali linalomkera. Kitu ulichokiona darasani kwako, ukakosa jibu, na bado kinakuuma. Ukishalijua swali lako, tafuta pale chuoni mwalimu anayehangaika nalo. Kama hayupo, achana na chuo hicho hata kiwe na jina kubwa namna gani. Wale waliomaliza, umezungumza nao kama nilivyokuambia?"

"Watatu. Wote wanasema walifurahi."

"Uliwauliza kama walifurahi?"

"Ndiyo."

"Ah, Mwalimu! Nani atakuambia alitupa miaka miwili ya maisha yake? Waulize Jumatatu asubuhi wanafanya kazi gani. Hapo ndipo utajua shahada hii inampeleka mtu wapi. Na usiende kwa kuwa unapenda kusafiri. Anayependa kusafiri anunue tiketi tu." Alikuwa amepamba moto sasa, mikono inaruka, na salteña yake inapoa. "Takwimu uanze kusoma leo hii, mimi zilinikondesha. Na miezi mitatu ya mwanzo utalia. Utasema walikosea jina, walikuwa wanamtaka mwingine. Kila mtu darasani anawaza hivyo na hakuna anayesema. Ukilijua hilo mapema, utalia kidogo."

"Na watu unaowaacha?" aliuliza Zulma.

Mikono ya Limbert ikatulia.

"Nilikuwa na mchumba," alisema. "Alinisubiri miezi minane. Halafu akachoka, wala simlaumu. Ana watoto wawili sasa, tunasalimiana sokoni. Hilo nalo ni ushauri, Zulma. Usimwombe mtu akusubiri. Kama anataka, aseme mwenyewe."

Zulma alimtazama. Akamtazama tena, macho hayapepesi, akimpa nafasi yote aliyoweza kumpa. Sema basi. Sema mwenyewe. Nje basi lilipiga honi, mhudumu akapita na sinia, na Limbert akafungua mdomo.

"Mwisho wa kupokea maombi ni kesho kutwa saa sita mchana," alisema. "Ukiandika leo, kesho nitaipitia."

Basi. Miezi mitano, na hilo ndilo lililotoka.

"Mbona una haraka hivyo ya kuniondoa?"

"Sina haraka ya kukuondoa."

"Unayo! Kila Alhamisi unanifungashia mizigo. Fanya hivi, soma vile, anza takwimu. Kama kungekuwa na mtu mji huu ambaye hataki niende, angeniambia leo, hapa hapa."

Limbert aliinamisha uso. "Mtu atakayekuambia hivyo ni mbinafsi."

"Basi nimemkosa mbinafsi mmoja tu maishani," alisema Zulma, "na rangi ya midomo nilikuwa nimeipaka kwa ajili yake." Akainuka kwa nguvu, meza ikatikisika, salteña yake iliyobaki ikalala na kumwaga mchuzi wote kwenye kitambaa cha meza. Alichukua kurasa zake zenye namba, akatoka. Hakugeuka nyuma. Angegeuka, angeona Limbert amesimama, kama kawaida yake.

Nyumbani, mama yake alikuwa kwenye duka lake la nyuzi na vifungo, chumba cha mbele cha nyumba. Doña Benigna, kama mtaa ulivyomwita kwa heshima, alimtazama mara moja tu usoni.

"Wamekukataa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa na matumaini, Mungu amsamehe.

"Bado sijapeleka, Mama."

"Mh. Kama ni hivyo usipeleke."

Hayakuwa mapya hayo. Doña Benigna aliondoka Cochabamba Zulma akiwa na miaka sita, akaenda Bergamo, Italia, kutunza wazee wa watu, kama walivyokwenda nusu ya wanawake wa mtaa ule. Alikaa miaka kumi na moja. Paa la nyumba lilitoka Bergamo, na duka, na ada ya chuo cha ualimu. Kila Zulma alipotaja Puebla, jibu lilikuwa moja: "Nimepigwa baridi ya ugenini miaka kumi na moja ili wewe usihitaji kwenda kokote. Leo unataka kwenda? Nilikwenda kufanya nini basi?"

Zulma alijifungia chumbani. Akazitandaza zile kurasa kitandani, akamkasirikia Limbert kwa nusu saa nzima, kisha akachukua karatasi tupu na kujiuliza, kwa hasira tu, kuna kitu gani kilichowahi kumuuma darasani akakosa jibu.

Kilikuja mara moja, kana kwamba kilikuwa nje ya mlango siku zote kikisubiri kuitwa.

Kikamkumbusha na Jumapili za simu. Mama alipiga kutoka kibanda cha simu, dakika zinahesabika, na Bibi Fortunata alisimama nyuma ya Zulma akimgusa bega: sema asante kwa viatu. Sema asante kwa koti. Sema asante kwa mkoba. Alisema asante zote, na zilipokwisha, na simu ikakatika. Miaka kumi na moja hakuwahi kumwambia mama yake kitu kingine. Zulma aliuma kalamu, akaanza kuandika, na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta.

Kesho yake, Jumapili, saa sita mchana mlango uligongwa. Limbert alisimama nje, nywele amezilaza kwa maji, mkate mkubwa wa Arani kwapani.

"Ndiye wewe," alisema doña Benigna.

"Ndiye mimi, doña Benigna. Nimekuja kuhusu barua. Na kuomba radhi."

"Ingia ule kwanza. Kwangu mtu hasemezwi akiwa na njaa."

Walikaa watatu mbele ya supu ya karanga. Zulma hakumtazama Limbert. Yaani alimtazama, lakini tu pale yeye alipokuwa akitazama bakuli.

"Kijana, una mama?" doña Benigna alianza.

"Ninaye, yuko Punata."

"Ulipokwenda Meksiko alilia?"

"Alilia sana."

"Nawe ukaenda."

"Nikaenda. Na nikarudi, doña Benigna."

"Wewe ulirudi. Dada yangu yuko Bergamo mpaka leo. Kila Krismasi anasema mwakani. Mwakani ya ishirini hii." Alimega mkate kwa nguvu. "Nikuulize jambo moja, nawe unijibu kiume. Mwanamume akimpenda mwanamke humfungia mlango asiondoke. Wewe kila Alhamisi unamshikia binti yangu mlango wazi. Kwa hiyo humpendi. Sasa kama humpendi, unatafuta nini kwake?"

"Mama!" Zulma alitamani sakafu immeze.

"Nyamaza wewe. Namuuliza yeye."

Limbert aliweka kijiko chini. Masikio yake yalikuwa mekundu, na kijiko hakikutulia vizuri, kikateleza ndani ya bakuli, akakiacha huko.

"Nampenda," alisema.

Zulma akainua macho.

"Nampenda tangu Alhamisi ya pili. Ya kwanza alinikasirisha, alikuwa na maswali kumi na mawili na aliniambia majibu yangu mawili si sahihi. Nikaenda kuyaangalia, kweli hayakuwa sahihi." Aligeuka, sasa akizungumza na Zulma mwenyewe. "Jana nilikuwa na neno mdomoni. Nilitaka kukuambia usiende. Haki ya Mungu, lilikuwa hapa. Nikawaza: nikimwambia atabaki. Atabaki kwa sababu ana moyo wa shukrani, atanihesabu mimi kama namba moja, na maisha yake yote atanishukuru kwa kumpenda. Na mimi sitaki kushukuriwa, Zulma. Nataka mwanamke mzima aliyekwenda alikotaka, akarudi kwa kuwa amependa kurudi. Nimelala saa mbili tu. Nisamehe."

Zulma alikuwa amepanga maneno makali ya kumwambia akija. Yote yalipotea. Alibaki akimtazama mtu huyu na nywele zake za maji, na furaha ikampanda, ikachanganyika na huzuni ya kwamba imekuja wakati yeye anaomba kuondoka. "Ungesema Alhamisi ya tatu," alinong'ona, "tungekuwa tumeshagombana na kupatana."

Doña Benigna alikohoa. "Haya, yameshasikika. Hiyo barua iko wapi? Isomwe."

Zulma akatikisa kichwa. "Hapana, Mama. Barua gani, haina maana."

"Mbona ya kwanza ulinisomea? Nililia vizuri kabisa. Mimi nilikuwa wa tatu, baada ya Bikira."

"Kwenye hii... Mama, kwenye hii hakuna aliyeshukuriwa."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Mama yake alisukuma bakuli pembeni. "Soma," alisema.

Zulma alileta karatasi. Aliinyoosha mezani kwa kiganja. Alimtazama Limbert, naye akamwitikia kwa kichwa, kidogo sana, na akaanza.

"Nilipokuwa na miaka sita, mama yangu alikwenda Italia kutunza wazee. Shuleni kwetu, kila tarehe ishirini na saba Mei, Siku ya Mama, kila mtoto alitengeneza ua la karatasi. Akina mama walikaa kwenye viti uwanjani, na kila mtoto alimpelekea wake. Sisi ambao mama zetu walikuwa Italia na Hispania tulipangwa mstari pembeni, ili maua yetu tumpe mwalimu mkuu. Watoto waliuita foleni ya Ulaya. Nilipokuwa darasa la kwanza tulikuwa watano. Nilipofika la sita, foleni ilikuwa ndefu kuliko safu ya viti, na mwalimu mkuu hakuweza kuyabeba maua yote. Mengine yalianguka, tukayakanyaga tukirudi madarasani. Walimu wetu hawakuwa wabaya. Walitupenda. Hawakujua tu la kufanya nasi."

Aligeuza karatasi. Hakuthubutu kuinua macho.

"Sasa mimi ni mwalimu. Mwezi Mei uliopita, asubuhi, uwanja ukiwa umejaa, nilitazama na kuona nimewapanga watoto tisa pembeni. Niliwapanga mwenyewe, kwa mikono yangu, bila kufikiri, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Mmoja wao aliniuliza: mwalimu, hapa tunasubiri nini? Sikuwa na jibu. Nakuja kwenu kulitafuta. Shule imfanyie nini mtoto ambaye nyumba yake imegawanyika nchi mbili?"

Akaishusha karatasi. Supu ilikuwa imepoa. Doña Benigna alitazama mkono wake mwenyewe uliolala mezani, ule mkono wenye ngozi iliyoharibika kwa dawa za kusafishia.

"Hukuniambia," alisema hatimaye.

"Bibi alisema nisikutie huzuni. Na muda wa simu ulikuwa mfupi."

"Miaka sita kwenye foleni hiyo."

"Kumi na moja, Mama. Na sekondari."

Mama yake aliinuka, akaenda jikoni, akasimama mbele ya jiko bila kugusa chochote. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Zulma hakuvumilia. "Naifuta! Limbert, tutapeleka ile ya kwanza, ile ya watu kumi na tisa. Wakinikataa wanikatae. Mama, naifuta, tazama..." Akaishika karatasi kuichana.

"Thubutu," alisema doña Benigna bila kugeuka.

Zulma akaganda na karatasi mkononi.

"Hufuti hata nukta moja." Aligeuka, uso umelowa, akajipangusa kwa aproni kama mtu aliyekuwa akikata vitunguu. "Kule Bergamo Siku ya Mama si tarehe hiyo. Kwa hiyo hakuna aliyejua. Nilikuwa namwogesha bibi Luigina, mwenye miaka tisini, na watoto wake wanakaa mtaa wa pili, hawaji. Kila ishirini na saba Mei nilikuwa namwogesha taratibu kuliko siku nyingine. Nilijiambia, huku namshika mama wa watu, na kule kuna mtu anamshika mtoto wangu. Kumbe ulikuwa umesimama pembeni na ua."

"Mama, usilie. Paa hili, masomo yangu, vyote ni wewe. Mimi nakushukuru..."

"Basi! Inatosha." Alikuja, akaketi, akamshika binti yake mashavu kwa mikono miwili kama mtoto wa miaka sita. "Mtaa mzima umenishukuru kwa kwenda. Mama yangu alinishukuru mpaka anakata roho. Wewe ulinishukuru kila Jumapili, viatu, koti, mkoba. Na mimi, wewe nilikushukuru lini? Miaka kumi na moja mtoto mdogo ananisubiri, na sikuwahi kumwambia neno." Sauti ilimkatika, akaitafuta, akaipata. "Asante, mwanangu. Asante kwa kunisubiri."

Zulma alijilaza kifuani kwa mama yake na kulia kilio alichokuwa anadaiwa tangu darasa la kwanza. Limbert alitazama dirishani, akijifanya anachunguza pazia, na yeye pia macho yake hayakuwa makavu.

Baada ya muda doña Benigna alimwinua binti yake, akamfuta pua kwa ile aproni. "Kesho saa sita, si ndiyo? Basi ipeleke leo, usije ukaharibu mambo. Nenda Puebla ukalitafute hilo jibu, uje umwambie yule mtoto. Safari hii kwenye foleni nitasimama mimi."

Limbert alisafisha koo. Aliinuka kwenye kiti, mrefu, nywele zimekauka na kusimama upande mmoja, akamtazama Zulma huku akimuuliza mama yake.

"Doña Benigna, nyuma yako kuna nafasi ya mtu mmoja?"

Mama alimpima kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka.

"Ipo," alisema. "Ila usinisukume."